Maswali ya Wasomaji: Amri Isiyo na Mwenyewe

Safu ya mwezi huu tumeitenga kwa jambo moja, kwa kuwa barua zilizolihusu zimefika nyingi kuliko kawaida: namna ya kuwafundisha wanafunzi wa udaktari, uuguzi, ukunga, utabibu, famasia na maabara kufanya kazi kwa pamoja, kwa kutumia mazoezi ya kuiga hali halisi yanayofanyika mtandaoni. Barua tumezifupisha, na majina ya waandishi pamoja na ya vyuo vyao hatukuyaandika. Anayejibu ni mwandishi wa safu hii, ambaye amefundisha uuguzi kwa miaka mingi na ameendesha mazoezi ya mtandaoni tangu mwaka 2020.

KUTOKA MOROGORO

Mimi ni mkufunzi wa uuguzi na ukunga katika chuo cha ngazi ya kati. Mkuu wetu wa chuo ametuagiza tuanze mazoezi ya pamoja na wanafunzi wa udaktari wa chuo kikuu kilichopo mkoa mwingine, kwa njia ya mtandao, kwa sababu fedha za nauli na malazi ya kuwakutanisha hazipo. Sipingi ushirikiano, lakini nina shaka. Ushirikiano ni jambo la wodini, watu wakiwa wamemzunguka mgonjwa. Mwanafunzi aliyekaa bwenini na simu mkononi atajifunza nini kuhusu kufanya kazi na mwenzake ambaye hata sura yake haioni? Sisi hata mdoli mmoja mzima wa kufanyia mazoezi hatuna.

Jibu: Mkufunzi mwenzangu, nusu ya shaka yako naikubali tangu mwanzo. Mkono haufundishwi kwa simu. Kukanda tumbo la uzazi lililolegea, kutafuta mshipa wa mama ambaye presha yake imeshuka, kushika barakoa ya kupumulia usoni mwa mtoto mchanga hadi hewa isivuje, hayo yote yatabaki kuwa kazi ya maabara ya ujuzi na ya wodi, na yeyote atakayekuahidi vinginevyo ana bidhaa anayotaka uinunue. Hata hivyo, ukichunguza makosa yanayotokea timu inapokutana na dharura, utaona mengi yanaanzia mdomoni na sikioni: mtu hakusema alichokiona, au alisema na hakusikika, au alisikika na kila mmoja akadhani mwingine ndiye atakayetekeleza. Mdomo na sikio ndivyo vitu viwili ambavyo simu inavibeba vizuri.

Nilipoanza mazoezi haya, vyuo vikiwa vimefungwa kwa sababu ya korona, nilikuwa na shaka kama yako. Zoezi langu la kwanza lilihusu mama aliyejifungua nusu saa iliyopita na ambaye anatokwa damu nyingi. Kwenye kioo kulikuwa na slaidi moja tu yenye presha, mapigo ya moyo na kiasi cha damu iliyokwisha kupotea, nami nikawa naibadilisha kila baada ya dakika mbili. Mwanafunzi wa udaktari, kijana mwenye sauti nzuri ya uongozi, akasema: “Mpeni dripu, mpeni oksitosini, na damu itafutwe.” Kukawa kimya. Halafu sauti mbili zikasema kwa pamoja kwamba zimetoa oksitosini, ile dawa ya kukaza tumbo la uzazi, na hakuna hata moja iliyosema imeweka dripu. Damu haikutafutwa na mtu yeyote hadi zoezi likaisha. Wodini kosa hilo lingefichwa na pilikapilika, kwa maana mtu angemwona mwenzake ameshika kanula, yaani kile kijimpira cha kupitishia dripu mshipani, angegeukia kazi nyingine, na wote tungetoka tukiamini kwamba tumeshirikiana. Mtandaoni hakukuwa na macho ya kutuokoa, na kosa likabaki wazi mbele ya kila mtu.

Siku ile niligundua kwamba Kiswahili chetu kina mtego wake. “Mpeni” ni amri ya watu wengi, na amri ya watu wengi haina mwenyewe. “Itafutwe” ina hatari zaidi, kwa sababu ndani yake mtendaji hayumo kabisa. Ni lugha nzuri ya waraka wa serikali, lakini mama akiwa anatokwa damu haimtumi mtu popote. Neno “sawa” nalo lina maana tatu kwa wakati mmoja: nimesikia, nimekubali, au nimekwisha fanya. Tangu hapo kila kikundi changu huanza kwa kufanya mazoezi ya sentensi hizo kabla hata ya kutajiwa ugonjwa. Kiongozi anataja jina la mtu na kazi yake, aliyetajwa anairudia kazi hiyo kwa maneno yake, kisha anaijulisha timu anapoimaliza. “Neema, weka kanula mkono wa kulia.” “Naweka kanula mkono wa kulia.” Baada ya muda: “Kanula imekaa mkono wa kulia, dripu inakwenda.” Kwa mara ya kwanza wanafunzi hucheka, kwa kuwa linafanana na gwaride. Kufikia zoezi la tatu hawacheki tena.

Nakushauri uanze na tukio hilo hilo la kutokwa damu baada ya kujifungua, kwa sababu tunao ushahidi uliopatikana katika wodi zetu wenyewe kuhusu kinachofanywa na timu ikifanya kazi kwa pamoja. Utafiti ulioitwa E-MOTIVE, uliochapishwa mwaka 2023, ulifanyika katika hospitali 80 za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na Tanzania, na ulihusisha wanawake zaidi ya 210,000 waliojifungua kwa njia ya kawaida. Katika hospitali zilizopewa utaratibu mpya, damu ilipimwa kwa kitambaa cha plastiki chenye mistari ya vipimo kinachowekwa chini ya mama, na hatua za matibabu, yaani kukanda tumbo la uzazi, dawa za kulikaza, asidi ya traneksamiki (dawa ya kupunguza kutokwa damu), dripu, na kuchunguza chanzo pamoja na kuita msaada, zikafanywa kwa mkupuo badala ya kusubiriana moja baada ya nyingine. Kupoteza damu ya lita moja au zaidi, kupasuliwa tumbo ili kuzuia damu, na kufa kwa kutokwa damu, vikihesabiwa kwa pamoja, vilipungua kwa asilimia 60. Hatua hizo zote zilikuwa zikijulikana kabla ya hapo. Ugumu ulikuwa kuzifanya kwa wakati mmoja, na mtu mmoja hana mikono mitano.

Kuhusu utaratibu, weka watu watano hadi saba katika kila kikundi, kwa kuwa wakizidi hapo wengine wanageuka watazamaji. Kila mmoja apewe faraghani kadi fupi yenye habari ambayo wenzake hawana: mkunga anajua kondo la nyuma lilitoka likiwa limechanika, mfamasia anajua ni dawa ipi imekwisha stoo, muuguzi anajua mama alikuwa na upungufu wa damu tangu kliniki. Bila kadi hizo mwanafunzi wa udaktari atalimaliza zoezi peke yake, na wenzake watampigia makofi. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2010, lilieleza elimu ya pamoja ya fani za afya kuwa ni pale wanafunzi wa fani mbili au zaidi wanapojifunza kuhusu wenzao, kutoka kwa wenzao na pamoja na wenzao, na sijui njia nyepesi ya kutimiza hilo la kati, “kutoka kwa wenzao”, kuliko kumpa kila mmoja kitu ambacho mwingine analazimika kumuuliza.

Maelezo ya awali yachukue dakika 10, zoezi lenyewe dakika 12 au 15, na mjadala wa baada ya zoezi usipungue dakika 30. Wakufunzi wengi hugeuza hesabu hiyo. Wanaliachia zoezi saa nzima kisha wanafunga kwa maneno ya “mmefanya vizuri, ila mawasiliano yaboreshwe”, ambayo hayamfundishi mtu lolote. Mjadala ndio darasa; zoezi ni kitu cha kuzungumzia. Ndani ya mjadala usiulize “kwa nini hukuweka dripu?”, maana swali hilo limekwisha kutoa hukumu na mwanafunzi atajitetea. Sema ulichokiona kisha uliza: “Nilisikia dripu imeagizwa, na dakika nne baadaye ilikuwa haijawekwa. Wakati ule wewe ulikuwa unadhani nani anaiweka?” Halafu nyamaza. Ukimya wa mtandaoni unatisha kuliko wa darasani, na mkufunzi hutamani kuujaza, uvumilie.

Kuhusu sura wasizoziona, hilo lisikusumbue sana. Mkunga wa kituo cha afya anayempigia simu daktari wa hospitali ya wilaya usiku kuomba gari la wagonjwa naye haoni sura, na hakuna chuo kilichomfundisha kuzungumza kwenye simu ile.

KUTOKA MWANZA

Mimi ni mwanafunzi wa uuguzi, mwaka wa tatu. Katika zoezi la mtandaoni, kiongozi wa timu yetu alikuwa daktari aliye katika mwaka wake wa mafunzo kwa vitendo. Aliagiza penisilini kwa mgonjwa ambaye kadi yangu ilieleza kwamba ana mzio wa dawa hiyo. Niliuliza, “Dokta, hiyo dawa ni sawa?” Akajibu, “Ndiyo, endelea,” nami nikaendelea. Katika mjadala kila mtu aligeukia kwangu, na tangu siku hiyo sitaki kushiriki tena. Nimelelewa kutombishia aliyenizidi umri au elimu. Nifanye nini?

Jibu: Mwanangu, naanza na wakubwa zako. Kama mjadala uliishia kwa watu wote kukugeukia wewe, basi mwendeshaji aliuendesha vibaya. Alipaswa kumuuliza kiongozi wa timu ni kitu gani katika jibu lake la “ndiyo, endelea” kilikufungia mlango, na kuwauliza wengine wote kwa nini hakuna aliyekuuliza sababu ya swali lako. Mwambie mkufunzi wako hivyo kwa maandishi, kwa adabu, kabla ya zoezi lijalo.

Sasa tuje kwako. Ulikuwa na habari, lakini uliifunika ndani ya swali, na swali la namna ile linajibika kwa “ndiyo” bila habari yenyewe kuguswa. Jambo hili limeua wagonjwa hata pale wenye utaalamu mkubwa walipokuwa nao chumba kimoja. Tarehe 29 Machi 2005, nchini Uingereza, mama mmoja aliyeitwa Elaine Bromiley aliingia katika chumba cha upasuaji kwa ajili ya upasuaji mdogo wa njia za pua. Baada ya kupewa usingizi njia yake ya hewa ikafunga, na madaktari wazoefu wakaendelea kujaribu kupitisha mpira mdomoni kwa zaidi ya dakika 20. Muuguzi mmoja alileta vifaa vya kutoboa koo na kutamka kwamba vipo tayari. Mwingine alikwenda kuomba kitanda cha wagonjwa mahututi, akarudi, akaona anatazamwa kama mtu anayekuza mambo, akakifuta. Mgonjwa alifariki siku 13 baadaye. Mumewe, Martin Bromiley, ni rubani, na taaluma yake ilikuwa imekwisha kulipia somo hilo: mwaka 1977 huko Tenerife, kisiwa cha Hispania, ndege mbili kubwa ziligongana kwenye njia ya kurukia na watu 583 wakafa, na sauti zilizorekodiwa zinaonyesha kwamba mhandisi wa ndege iliyokuwa ikiruka aliuliza kama ile nyingine bado haijatoka njiani, akajibiwa kwa mkato, akanyamaza. Aliuliza, kama wewe ulivyouliza.

Dawa yake ni ngazi ya maneno, ambayo Wamarekani waliiweka katika mafunzo yao ya timu za afya yaliyoanza kusambazwa mwaka 2006: kwanza sema una wasiwasi, pili sema hujaridhika na jambo linalotaka kufanyika, tatu sema kwamba ni suala la usalama wa mgonjwa. Ukitafsiri neno kwa neno utaonekana huna adabu, kwa hiyo mimi na wanafunzi wangu tumeitengeneza hivi, na unaweza kuichukua. “Dokta, nina wasiwasi. Mgonjwa huyu ana mzio wa penisilini.” Asipogeuka: “Dokta, naomba tusiitoe kwanza. Faili linasema alivimba koo alipoipata.” Asipogeuka bado: “Dokta, hili ni suala la usalama wa mgonjwa, naomba tusimame.” Zingatia kwamba kila sentensi ina habari ndani yake, na hakuna hata moja yenye alama ya kuuliza. Heshima imekaa katika “Dokta” na katika “naomba”; haikuhitaji habari ifichwe. Ukisema mara mbili usisikilizwe, hutoi dawa hiyo, na unamwita aliye juu yake. Hilo halina mjadala.

Na kwa daktari yule, kama anasoma safu hii: mzigo mkubwa zaidi ni wako. Orodha ya usalama wa upasuaji ya Shirika la Afya Duniani, ya mwaka 2008, inataka kabla ya kisu kugusa ngozi kila aliyemo chumbani ajitambulishe kwa jina na kazi yake. Orodha hiyo ilijaribiwa katika miji minane duniani, mmoja wao ukiwa Ifakara yetu, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2009 yalionyesha vifo vimepungua kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8 na madhara mengine makubwa kutoka asilimia 11 hadi 7. Sidhani kujitambulisha peke yake ndiko kulikofanya hivyo. Lakini aliyekwisha kutamka jina lake mbele ya wakubwa mara moja, kutamka mara ya pili kunakuwa kwepesi, na mtandaoni unaweza kulifanya hilo katika dakika ya kwanza, ukaongeza: “Mkiona nimekosea, niambieni papo hapo.”

KUTOKA KISUMU

Mimi ni mwalimu katika chuo cha mafunzo ya afya. Kampuni moja imetuletea programu yenye wodi ya picha inayozunguka, mgonjwa anayesema na kukohoa, na bei yake kwa mwaka inazidi bajeti yetu ya vifaa. Wakati huo huo nusu ya wanafunzi wangu hukatikiwa na mtandao katikati ya kipindi, na wanalalamika kuhusu gharama ya data. Je, tununue?

Jibu: Hapana, si kwa sasa. Programu za namna hiyo zina faida yake, hasa kwa mwanafunzi mmoja anayefanya mazoezi ya kupima dalili na kuchagua matibabu, lakini nyingi zimebuniwa kwa mtu mmoja na kipanya chake, na wewe unafundisha timu. Kitu unachokihitaji unacho: slaidi, simu, na mkufunzi wa pili wa kuigiza mgonjwa au shangazi wa mgonjwa. Zimeni kamera, mbaki na sauti na slaidi moja. Data itapungua mno, na masikio yatakuwa makali zaidi.

Kwa wale wanaokatikiwa, andaa zoezi la siku mbili kwa ujumbe wa sauti katika kundi la WhatsApp. Jumatatu asubuhi mwanafunzi wa uuguzi anarekodi ripoti ya kukabidhi zamu isiyozidi dakika moja, kwa mpangilio wa hali ilivyo, usuli, tathmini na pendekezo. Mpangilio huo ulitoka kwa wanamaji wa nyambizi za Marekani kabla ya hospitali za huko kuuchukua, na unawafaa sana wanafunzi wetu, kwa kuwa tumezoea kusimulia kuanzia mwanzo na kufika kwenye ombi mwishoni kabisa, msikilizaji akiwa amechoka. Mwanafunzi wa famasia anajibu, wa utabibu anaamua, wa uuguzi wa zamu ya usiku anapokea. Kila sauti inabaki pale, na siku ya mjadala mnaisikiliza upya.

Jambo moja la tahadhari: mgonjwa awe wa kubuni kabisa, si yule wa kitanda cha nne aliyebadilishwa jina, na anayerekodiwa aombwe ridhaa kwanza. Kenya mna sheria ya ulinzi wa data ya mwaka 2019, na Tanzania ina ya kwake ya mwaka 2022.

KUTOKA TANGA

Chuoni kwetu tunafundishwa kwa Kiingereza na mitihani ni ya Kiingereza. Kwenye mazoezi ya mtandaoni wanafunzi wengi hunyamaza hadi mkufunzi aruhusu Kiswahili, halafu wote wanaanza kusema kwa pamoja. Lugha ipi itumike?

Jibu: Umekwisha kulijibu swali lako ndani ya barua. Kama watu wananyamaza katika lugha moja na kusema katika nyingine, na wewe unafundisha kusema, tumia ile wanayosema. Wodini wataambiana kwa Kiswahili na kuandika kwenye faili kwa Kiingereza, kwa hiyo zoezi lifuate mtindo huo huo: sauti kwa Kiswahili, na mtu mmoja apewe kazi ya kuandika kila tukio kama litakavyoandikwa kwenye faili. Pale ambapo lugha mbili zinakutana ndipo makosa yanapozaliwa, na ni vizuri yazaliwe kwenye zoezi.

La kwanza ni saa. Mkunga anatoa ripoti kwamba mama “amejifungua saa nane mchana”, na mwandishi, akiwa na haraka, anaandika 8:00. Saa kumi jioni daktari anafika, anasoma faili, anahesabu saa nane tangu kujifungua, na anaamua kwamba asidi ya traneksamiki haitolewi tena, kwa kuwa inapaswa kuanza kutolewa ndani ya saa tatu za kujifungua. Kumbe mama ana saa mbili tu tangu ajifungue, na dawa anastahili. Hakuna aliyedanganya, na hakuna asiyejua kazi yake. Mimi huwataka wanafunzi waseme saa kwa Kiswahili kisha waongeze ya kwenye faili: “saa nane mchana, kumi na nne kamili.”

La pili ni namba. Kiswahili kinatuepusha na ile shida ya Waingereza ya kumi na tano kusikika kama hamsini, lakini kina shida yake: “sitini” na “tisini”. Kwenye laini mbovu, presha ya “tisini kwa sitini” inaweza kumfikia mwenzako ikiwa imepinduka, na mapigo ya sitini si sawa na mapigo ya tisini. Taja tarakimu moja moja: “tisa sifuri kwa sita sifuri.” Fanya jaribio hilo na darasa lako, kila mtu akiwa na simu yake katika chumba chake, halafu walinganishe walichoandika. Utapata kitu cha kuzungumzia kwa nusu saa nzima.

KUTOKA MBEYA

Je, mazoezi haya yapewe alama?

Jibu: Si katika muhula wa kwanza. Mwanafunzi anayejua anahesabiwa alama atafanya analolijua tayari, na wewe unataka kuona asilolijua. Baadaye unaweza kuitathmini timu nzima kwa pamoja, kwa mambo machache yanayosikika: majina yalitajwa, maagizo yalirudiwa, kiongozi aliiambia timu hali ilivyo walau mara mbili. Ukianza kumpa alama kubwa mmoja aliyeng’ara, umerudi kulekule tulikotoka. Hata hivyo usiende upande wa pili ukafuta uongozi, eti wote ni sawa; nahodha wengi, chombo huenda mrama, na zoezi lisilo na kiongozi aliyetajwa huishia watu watano kumwagiza wa sita.

KUTOKA DODOMA

Mimi ni mwanafunzi wa maabara. Tumeshirikishwa katika mazoezi mawili ya mtandaoni, na katika yote mawili kazi yangu ilikuwa kusubiri niulizwe matokeo, kisha kuyasoma. Rafiki yangu wa famasia analalamika vivyo hivyo. Sioni kwa nini tunaitwa.

Jibu: Malalamiko yako ni ya haki, na kosa ni la mwandishi wa zoezi. Mazoezi mengi yameandikwa na madaktari na wauguzi, kwa hiyo maabara inaonekana ndani yake kama dirisha ambalo karatasi inatokea. Mwombe mkufunzi wako mwandike zoezi pamoja, na kadi yako iwe na mambo ambayo yakikosekana mgonjwa hatibiki: kwamba friji ya damu ina chupa mbili tu, kwamba mashine ya kupimia wingi wa damu imeharibika tangu asubuhi, kwamba kulinganisha damu kunahitaji muda na daktari anapaswa kuujua sasa hivi ili aamue kama atasubiri au atampeleka mgonjwa hospitali ya rufaa. Na weka uamuzi mgumu mmoja ambao ni wako peke yako.

Katika zoezi letu uamuzi huo ni sampuli iliyofika maabara bila jina la mgonjwa. Sheria ya kazi inasema ikataliwe, lakini upande wa pili wa simu kuna kelele kwamba mama anaisha. Mara ya kwanza tulipolifanya, kadi ilikuwa kwa binti mmoja mpole ambaye hakuwa amesema neno tangu kipindi kianze. Alifungua maikrofoni, akaifunga, akaifungua tena. “Dokta,” alisema, “nina wasiwasi. Chupa hii haina jina. Naomba nileteeni nyingine, na ikifika naanza nayo kabla ya kitu chochote.” Mwanafunzi wa udaktari alianza kusema kwamba hakuna muda, akakatiza sentensi yake mwenyewe. Kisha akataja jina la mkunga na kumwomba achukue damu upya na aandike jina la mgonjwa pale pale kitandani, na mkunga akayarudia yote mawili.